Breki za Kichwani

Fundi breki aligundua kuwa dada aliyekaa naye kwenye basi anatafiti ubongo, akamwaga yote: mdogo wake ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, harusi yake yeye fundi ni wiki ijayo, na mchumba hajui. "Sasa hiyo jeni ya kurithi ugonjwa inaharibu nini?" "Moja tunayoichunguza inazifanya seli za kutuliza ubongo zizembee, kaka. Za kuchochea zinajiendea tu." "Mafuta yamekanyagwa, breki hakuna! Na mimi ninayo?" "Huenda. Ukiwa nayo hatari inaongezeka, lakini si lazima uugue." Mimi, kiti cha nyuma yao, nikageuza gazeti nililokuwa nimelishika juu chini.

"Breki ukizitilia shaka, mwenye gari unamwambia?" dada akauliza. "Kabla hajawasha!" "Na mchumba?"

Basi likasimama. Mchumba alikuwa kituoni akipunga mkono. Fundi akazisifu breki za basi, lakini kitini hakubanduka.