Magdaline Kagure Anatuachia Simu ya Kona

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuitumikia Redio Theluji hapa mjini Nyeri, Bi. Magdaline Kagure atakunja sweta lake la buluu na kustaafu. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba mimi, Shakir wa mitambo, niandike wasifu wake kwa utulivu. Kuandika nitaandika, utulivu ndio sina. Nimeinuka kitini mara nyingi kabla ya kumaliza aya hii moja. Kwenye kona ya studio kuna simu ambayo vijana waliolemewa na maisha humpigia yeye, na mpaka juzi hakuna aliyejua nani angeipokea akiondoka.

Kwa walioajiriwa karibuni: Mama Kagure ndiye sauti ya matangazo ya vifo. Kutoka Chaka hadi Giakanja, ikifika saa saba mchana, watu hunyamazishana mezani wasikie nani ametutoka. Alianzia mapokezini, akichukua matangazo ya wafiwa dirishani. Julai moja baridi ilimnyima mtangazaji wetu sauti, Mama Kagure akasukumwa studioni kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Mapokezi hayakumwona tena.

Alitujia na Kiswahili cha kwao Tetu, ambako l na r hulala kitanda kimoja. Wiki yake ya kwanza alimsifu marehemu mmoja kuwa mzee aliyependa sana kura pamoja na wajukuu wake. Msikilizaji akapiga simu kuuliza mzee alikuwa wa chama gani. Mama Kagure alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniamuru nimfunze. Nilimfunza mpaka kula na kura zikaachana. Jina langu kwake lakini limebaki Cakiri, na nimeacha kulipigania.

Nduma zake za kuchemsha za Alhamisi, zikiwa bado moto ndani ya kitambaa, zimemaliza ugomvi mwingi humu kuliko mkutano wowote. Ila kilichompa umaarufu ni maneno mawili. Kila tangazo alilifunga hivyo hivyo: "Familia, jikazeni." Aliyatamka kwa upole, kama anayemfunika mtoto blanketi. Mji mzima ukamwigiza. Huku kwetu Majengo mtu akiibiwa kuku aliambiwa, "Familia, jikazeni," na hata mwenye kuku alicheka.

Kisha akaja Beth.

Beth ni mkulima wa Chaka. Alifika dirishani miaka michache iliyopita akiwa na wanaume watatu wa kamati ya mazishi; Mama Kagure akaitwa kutoka studioni, nami nikamfuata. Mwanawe Munene, wa kidato cha tatu, alikuwa amejiua. Wanaume walikuwa na maneno yao tayari, yale tunayoyajua wote: kwa huzuni kuu lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sisi watu wa huku tumewaugulisha kwa muda mfupi vijana wengi ambao hawakuwa na homa wala kikohozi. Tulidhani tunawasitiri.

Beth aliwasukuma kando. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia, kwa sababu hayajanitoka: "Mtoto yangu hakugonjeka hata siku moja. Alikuwa na uchungu kwa roho, akatuambia, na sisi tukamwambia ajikaze. Nilimwambia mimi, na baba yake, na mwalimu. Sasa mnataka niseme ati aligonjeka?"

Nilimtazama Mama Kagure. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha.

Saa saba alisoma alichokubaliana na Beth, na si zaidi: kwamba Munene alijiua, kwamba alikuwa ameumia kwa muda mrefu, na kwamba familia yake inatamani ingemsikiliza. Hakuna aliyetajwa kwa lawama, wala hakueleza lilivyotokea. Akafika mahali pa kufunga. "Familia," akasema, na neno la pili likakataa. Redioni kimya ni dhambi. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe cha muziki. Akaninyooshea kidole nisubiri. Halafu akasema, "Familia ya Munene, lieni. Tuko pamoja nanyi." Tangu siku hiyo hajalitamka tena lile neno hewani.

Msidhani alipigiwa makofi. Mzee mmoja alisimama mapokezini akitangaza kwamba tunawafundisha watoto kufa. Kuna waliomwambia usoni kwamba mambo ya nyumba hufunikwa na mambo hayo si ya Wakristo. Mimi niliambiwa msikitini nimshauri rafiki yangu aangalie mdomo wake. Ni ajabu jinsi watu wasioelewana kwa lolote walivyoelewana kwa hilo. Mama Kagure alichemsha chai, akanung'unika, na kesho yake akawa palepale.

Ndipo alipoomba nusu saa baada ya matangazo, kuanzia saa saba na nusu: hewani namba itajwe na muziki upigwe, naye kwenye kona apokee simu za vijana, mazungumzo yasisikike hewani. Hakujifanya daktari. Alimtafuta Hanan, mshauri nasaha wa zahanati moja hapa mjini, akamwomba atufundishe. Hanan alitufundisha kusikiliza bila kuhubiri, kutomwacha mtu peke yake, kumtafutia mtu mzima anayemwamini na kumfikisha kwa wataalamu. Alitufundisha pia kuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" kwa kuwa swali hilo halimpi mtu wazo, bali humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Ulimi wa Mama Kagure ulikataa swali hilo wiki nzima. Alilifanyia mazoezi jikoni, macho yamefumbwa, akiwauliza masufuria.

Vijana wakapiga. Karibu wote walianza kwa namna moja: "Mathe, niko na beshte yangu ako na stress." Hakumuuliza hata mmoja rafiki huyo, beshte, ni nani. Aliuliza tu beshte alilala vipi jana, amekula nini, na nani yuko naye sasa hivi. Katikati ya mazungumzo beshte aligeuka kuwa "mimi", naye hakushtuka. Baadhi yao leo hupita kumsalimia wakiwa na sare za chuo, na mmoja alimletea mtoto wake ambebe.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi. Mwezi jana meneja wetu, Bw. Mutahi, alitangaza kwamba Mama Kagure akistaafu, simu ya kona itakatwa na nusu saa yake itapewa muuzaji wa chakula cha ng'ombe. Mutahi si mtu mbaya. Aliamini tu kwamba kazi hiyo ni ya mama mmoja mwenye moyo, na mioyo haiajiriwi. Nilikasirika nikavunja kikombe, na kikombe chenyewe kilikuwa cha mhariri.

Mama Kagure hakuteta. Alimwomba meneja akae naye kona siku moja, Hanan akiwa kiti cha pili. Simu ilipolia, akaisukuma mbele ya Mutahi. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia. Meneja alisikiliza kidogo, kisha akafungua kinywa na kutoa kile sote tulichonyonya na maziwa: "Aa, kijana, wewe jikaze tu..." Akakwama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile. Mama Kagure hakumpokonya mkono wa simu.

"Pole," Mutahi akasema. "Hiyo imetoka vibaya. Endelea kuniambia. Sina haraka." Kule mapokezi muuzaji wa chakula cha ng'ombe alikuwa akimngoja. Akangoja sana. Mwishowe Mutahi aliuliza lile swali, waziwazi, na baada ya kusikia jibu akampa Hanan simu kwa mikono miwili. Kabla ya giza kuingia Hanan alikuwa amemfikia shangazi wa kijana huyo, shangazi akakaa na kijana usiku kucha; asubuhi wakaenda zahanati pamoja. Nimeruhusiwa kusema jambo moja tu: yuko hai.

Mutahi alikwenda mapokezini akamwambia mgeni wake kwamba ng'ombe husikiliza redio vizuri zaidi alfajiri. Halafu akaingia ofisini na kufunga mlango, nasi tukamwacha alie.

Kwa hiyo simu haikatwi. Tumepangiwa zamu, Hanan yuko nasi, na Beth amesema atakuja kutoka Chaka kila wiki kutupikia na kutusikiliza sisi wasikilizaji. Zamu ya kwanza, Jumatatu, ni yangu. Naogopa. Nimezoea vitufe, na vitufe havilii.

Asante, Mama Kagure, kwa chai, kwa nduma, na kwa kukubali kubadilika mbele ya watu wote. Tunakuombea miaka mingi ya afya, michai ya shambani kwako ichipue, magoti yasikusumbue. Jumatatu ukiwa shambani Giakanja, ikifika saa saba na nusu, mwili wako utataka kuinuka kwa mazoea. Usiinuke. Nitakuwa nimeshaipokea.