Kidude cha Wangechi na Mayai ya Mbula

Nilishasema sitaki kuisimulia hii tena, meno yenyewe yamebaki machache. Lakini nyinyi hamkomi. Haya. Kijiwe kiko nje ya geti la Wangechi, Ruiru: benchi moja, birika ya kahawa, na meza anapochomelea vidude vya umeme vidogo kuliko punje ya wimbi. Siku hiyo alikuwa na bodi ya mashine ya kutotoa vifaranga ya Mbula, mama mmoja wa kijiji cha Gatuanyaga. Mashine ilikuwa imezima mayai yakikaribia kupasuka, na Mbula alikuwa njiani kuyaleta ndani ya blanketi. Kidude cha kuirekebisha, Anish wa duka la vipuri Thika alikuwa amebakiwa na kimoja tu, naye akamuuzia Wangechi. Wangechi akakiweka mezani, akageuka kuchukua kibano. Kurudi, hakuna.

— Hakuna mtu kusimama! akasema. Mkikikanyaga, vifaranga wa watu wamekufa.

Ndegwa, ambaye kijiwe humwita Waziri kwa sababu huongea na hafanyi, akainua kikombe.

— Sisimizi amekibeba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sisimizi ale chuma? Gachanja, aliyekaa ng'ambo ya meza, akamcheka. Ni ule mnara wa simu. Unavuta vitu vyepesi. Hata kofia yangu ulivuta.

— Kofia yako ilivutwa na mama wa baa.

— Na nywele zangu je, si mnara? Gachanja akajibu. Mvumilivu hula mbivu, bwana!

— Sikiza nikwambie ya ndani, Waziri akanong'ona. Vidude vya siku hizi vina akili. Kimeona chuma cha moto kinakuja, kikatoroka. Wewe ungengoja?

Wangechi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, tochi ya simu mkononi, akilini akiona tu uso wa Mbula. Ndipo bodaboda ikasimama, mashine imefungwa nyuma. Mbula akashuka polepole, kiondo cha mayai yaliyofunikwa blanketi kifuani kama mtoto mchanga.

— Hamjambo. Wangechi, yanaanza kupoa. Umemaliza?

Akaelezwa. Akatazama meza, akatazama benchi.

— Na nani alikuwa anapuliza kahawa hapa?

Kikombe cha Waziri kilikuwa kinafuka moshi, kando tu ya meza.

— Ngai! Waziri akasema. Ilikuwa moto, ningefanyaje?

Wangechi akafuata njia ya ile pumzi kwa kidole, kutoka mdomo wa Waziri, kuvuka meza, mpaka kwenye sweta ya Gachanja. Kidude hicho hapo, kimenasa kwenye sufu, kinang'aa. Akakichomoa kwa kibano bila kupumua.

— Na mayai yangu, saa hii? Mbula akauliza.

— Waziri ana koti zito, Wangechi akasema akishika chuma chake cha kuchomelea. Na joto analo, tumeliona.

Ndivyo Waziri alivyolipa. Mayai yakaingia kotini, vifungo vikafungwa, akaambiwa asikohoe, asicheke, asiseme neno mpaka kidude kishike kwenye bodi pande zote mbili na mashine ipate moto. Akakaa wima kama kuku anayelalia mayai, macho mbele, na kahawa yake ikapoa yenyewe.