Minyoo ya Mama Doto

Ndugu waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe, na wenzetu Waislamu mliokuja kutushika mkono, asalaam alaikum.

Marehemu Debora Ditram, ambaye wengi mlimwita Mama Doto, na akigeuza mgongo mkamwita Mama Minyoo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 hapa hapa Chanzuru, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, na ingawa alikuwa na kichwa chepesi hakuendelea, kwa kuwa mzee Ditram alikuwa na wavulana wa kusomesha, jambo ambalo marehemu alilisema waziwazi hata mbele ya mzee mwenyewe.

Mwaka 1995 alikwenda Mikumi, akaajiriwa jikoni katika nyumba moja ya wageni, na huko ndiko alikokutana na Elia Maganga, kijana aliyeshuka na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 1997, wakajaliwa mapacha tarehe 3 Mei 1999, Kulwa akatangulia akiwa na miezi minne, akabaki Doto peke yake.

Januari 2020 Mto Mkondoa uliacha njia yake, ukapita juu ya shamba lao la hapa Chanzuru, na ulipoondoka uliacha mchanga wa kufika magotini. Elia alisema shamba limekufa, akaenda kufanya kibarua Kilangali. Debora alikataa, akaacha kazi Mikumi, akarudi na ndoo ya minyoo wekundu aliyopewa kwenye semina ya akina mama, akawafuga katika masanduku matatu ya mbao nyuma ya jiko, akawalisha maganda ya ndizi, majani ya chai na mabaki ya mboga, na mbolea waliyomtolea akaipeleka mchangani ndoo kwa ndoo. Mlimcheka, tusifichane. Naye hakuwaacha, alipita milangoni kuomba maganda, na ole wake aliyemwaga kiporo jalalani mbele ya macho yake. Msimu wa mwaka jana kona moja ya shamba ilitoa mahindi, akakaa chini katikati yake akalia.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa Morogoro, na kila alipopigiwa simu alimwuliza Doto kwanza kama minyoo wamekula, akamwonya asiwape kitu cha moto, chumvi wala ndimu, kwa kuwa ngozi yao haistahimili. Aliomba jambo moja tu, minyoo wasife, maana pasipo wao lile shamba ndiyo basi. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025.

Sasa, kwa desturi yetu mfiwa hashiki kazi, anakaa jamvini apewe pole, na ndivyo Doto alivyokaa huku majirani wakipika, na jana, wapishi walipokumbuka jinsi marehemu alivyochukia chakula kutupwa, walibeba masufuria ya maharage yaliyobaki, yenye chumvi na bado yanatoa mvuke, wakayamimina masandukuni, yote matatu. Leo asubuhi Doto alikwenda kuchota mbolea ya kumtupia mama yake kaburini, akakuta minyoo wameiva. Mlifanya kwa upendo, hilo tunalijua, na ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu hatuna hata wa kumkasirikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake mliotoka Mikumi, majirani mliokesha nasi, na wapishi pia, tena bila kinyongo. Ndoo mtakayoiona mkononi mwa Doto kule makaburini ni mbolea yake ya mwisho, haitakwenda shambani, itashuka naye.

Pumzika kwa amani, Mama Doto, na utusamehe, ule mchanga hatuna tena cha kuulisha.