Maji ya Mbavu za Nzomo

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Thika: benchi moja na jiko la Swaleh, muuza kahawa. Julai hiyo ya tisini na saba baridi iliuma hadi mifupa. Tobias alitoka hospitali na chupa ndogo ya maji ya manjano, aliyotolewa Nzomo, mwenzake wa kiwandani, kwa sindano katikati ya mbavu. Tobias alitumwa kuyapeleka Nairobi, kwenye mashine mpya ya kusoma jeni, ijulikane kama ni TB, ambayo ina dawa, ama ni kansa. Akaketi kidogo gari ijae. Na kijiwe chetu hakipitwi na kitu bila kukihukumu.

— Jeni ndiyo nini? akauliza Spana, fundi wa magari.

— Ni alama, akasema Profesa, aliyewahi kufundisha nasari muhula mmoja. Kila ugonjwa uko na yake.

— Kumbe kama namba ya injini.

— Hapo umenena.

Spana akaiinua chupa juani.

— Hii si TB. TB hukohoa, hii imenyamaza.

— Wacha ujinga, akasema Profesa. Huko kiwandani wanameza vumbi ya pamba, pamba inafyonza maji. Mashine itapata jeni za pamba.

— Ama ni za babu yake Nzomo, akasema Spana. Si alizama mto Chania? Hayo maji yanarithiwa.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Swaleh.

— Haya si yamezoleka? akauliza Spana. Yako kwa chupa.

— Nipeni niende, akasema Tobias. Gari inajaa.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Profesa. Hii imetoka kwa mwili, iko na joto yake. Na baridi hii, si jeni zitakufa njiani?

Tobias akafikiri, akaona ni kweli. Hata mtoto mchanga hufunikwa. Swaleh akasogeza birika, chupa ikaegemezwa kwa makaa. Tukaagiza kahawa nyingine tukiingoja ipate moto.

Mbula, mke wa Nzomo, akapita na uji wa mgonjwa.

— Tobias, bado uko hapa? Na hiyo mbona iko kwa moto?

— Tunaitunza, mama.

Akaitoa kwa ncha ya leso. Maji yalikuwa yameganda, meupe kama yai la kuchemsha.

— Jana alilia wakimdunga, akasema. Sijawahi kumuona akilia. Sasa ni nani kati yenu ataenda kumwambia adungwe tena?

Gari ya Nairobi ikapiga honi, ikaondoka.