Gramu Mia Saba za Mama Patrisi

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha mizani cha ushirika wetu wa ufungashaji hapa Karatu, Selestina, ambaye sote tunamwita Mama Patrisi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alianza mwaka 1994 akipima unga wa mahindi, enzi ambazo kila mteja alikuja na debe lake na hakukuwa na madebe mawili yaliyolingana. Yeye ndiye aliyetuzoesha kuandika kilo kwenye mfuko. Watalii walipoanza kununua kahawa na asali yetu, akajifunza na aunsi, maana wanunuzi wa nje walitaka vipimo vyote viwili kwenye lebo. Hadi leo mwenye bucha ya jirani akimwona anaondoa kidole kwenye mizani kabla hata ya kumsalimia.

Jumamosi ya Pasaka mwaka 2016, chupa mia sita za asali zilikuwa zimeshafungwa na gari linangoja. Lebo zilisema gramu 500. Mama Patrisi akapima, akakuta gramu 700, akagoma kusaini. Chupa ilikuwa ya nusu lita, na huku kwetu nusu lita ya kitu chochote huitwa nusu kilo, ila asali ni nzito. Tukamwambia hiyo ni nyongeza tu, na nani amewahi kulalamikia nyongeza? Akatujibu kwamba wafuga nyuki wa Endamarariek hulipwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye lebo, na zile mia mbili za kila chupa ni jasho lao. Tukabandua lebo kwa maji ya moto hadi Jumapili jioni. Pilau ya Pasaka tuliisikia harufu tu.

Wafuga nyuki walipata haki yao, yeye akapata upweke. Maneno yalizagaa kwamba ndiye aliyekosea lebo, kisha akatuharibia sikukuu. Kila alipokuja kwenye meza ya chai, nafasi ilikuwa imejaa hata kama viti vilikuwepo. Mumewe, Bartolomeo, alikuwa ameshafariki, na mwanawe Patrisi yuko Mwanza. Miaka tisa amekunywa chai peke yake kando ya mizani, na inaniuma kuandika hivyo kwenye jarida la kumuaga.

Lebo zile niliziagiza mimi, Remigius, karani wa oda. Sikupima, nilitazama chupa tu. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini, na mke wangu alikuwa mjamzito. Mama Patrisi alijua tangu siku ile, kwa kuwa fomu yenye saini yangu alikuwa nayo yeye, na hakumwonyesha mtu. Wiki iliyopita nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

Nimesema leo, Mama Patrisi, na nimechelewa mno. Asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya na amani huko nyumbani Endamarariek. Jumapili nitakuja na mke wangu na mtoto, kama utatufungulia mlango.