Majibu ya Kisima cha Kumi na Saba

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi yangu imekuwa fupi na sitaki kurudia neno. Mwanangu wa kwanza, kaa kwenye kiti cha mama yako. Tangu tumzike miezi minne iliyopita hakuna aliyekikalia, na kiti si kitu cha kutazamwa. Nawe kitindamimba, liache hilo bomba, limevuja mwaka mzima, litangoja nusu saa.

Nyumba ni yenu wawili sawasawa. Vitabu vipelekeni maktaba ya chuo. Ninalotaka kusema linahusu chumba cha uani na ile chupa tupu yenye namba kumi na saba juu ya kabati.

Shahada yangu ya uzamivu niliipata katika mtaa wa nyuma ya ukuta wa chuo. Nilichota maji kwenye visima arobaini, nikaandika namba kwenye kila chupa, nikawaahidi wenyewe kwamba majibu yatakuja. Majibu yalitoka, yakachapishwa katika jarida la mbali, nikapandishwa cheo, nikashona suti. Mtaani sikurudi. Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani kazi imekwisha.

Mama yenu, fundi wa maabara aliyeyapima maji yale kwa mikono yake, alikuwa akikatiza mtaani humo kurudi nyumbani. Bibi mmoja mfua nguo, mwenye kisima cha kumi na saba, kila akimwona alimwuliza, "Mwanangu, maji yangu yalisemaje?" Aliuliza miaka miwili. Mama yenu aliponiletea swali hilo mezani, nikamwambia bibi yule hawezi kuzisoma takwimu zile. Akacheka kile kicheko chake kidogo. "Basi nenda ukamsomee wewe, Profesa wa makaratasi."

Hakunisubiri. Alikwenda nyumba kwa nyumba, visima vyote arobaini, akieleza kwa maneno ya kawaida: hiki kunyweni, hiki fulieni tu, hiki kiko karibu mno na choo. Cha kumi na saba kilikuwa kibaya kuliko vyote. Bibi yule alikuwa akifua siku tatu na kuuguza wajukuu siku nne, na alichopata kwenye nguo kiliishia duka la dawa. Walipochimba kisima kingine upande wa juu, wajukuu wakaacha kuugua, naye akafua siku sita na kuezeka nyumba upya. Mimi niliyeandika kurasa mia tatu juu ya umaskini wa mtaa ule sikuwa nimempunguzia mtu hata homa moja. Nilimwomba mama yenu radhi, na tukafungua chumba cha uani: leta maji Jumamosi, chukua majibu Jumatatu.

Mwanangu wa kwanza, ulipopata uzamivu ukaitwa daktari mwezi uliopita nilifurahi hadi nikasahau dawa zangu. Umewahoji mafundi cherehani mia moja na ishirini, ukagundua kwamba wakinunua uzi na vitambaa kwa pamoja kiwandani watabakiwa na kitu mkononi. Juzi nilikuuliza kama umewaambia. Ukasema, "Baba, ripoti ipo kwenye mtandao." Hapo niliisikia sauti yangu mwenyewe. Rudi kwao, binti yangu. Nenda kwa miguu, ukawaeleze, na wakikubishia, wasikilize.

Vipimo vya chumba cha uani ni vyako. Ufunguo ni wa mdogo wako. Tulikutania sana, kitindamimba, kwamba chuo ulikiona kwa nje, lakini dada yako akikuta kisima kibovu, atakayeshika spana ni wewe. Msikipangishe chumba hicho.

Mkinizika, msisome vyeo vyangu. Waiteni mafundi cherehani, mwanangu wa kwanza awasomee majibu yao hapo hapo, kisha mnilaze kando ya mama yenu, upande wa kushoto... aliupenda wa kulia.

Mungu awape masikio ya kusikia anayeuliza. Awape... miguu ya kurudi. Mpendane.

Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu... Haya.

Umeyapima?