Mashine ya Unga kwenye Kiwanja cha Makazi

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wa kikundi, leo siwezi kukaa kabla sijasema: kibali kimetoka!

Mnanijua, mguu wangu hautulii. Nimeishi Lamu, nimechota chumvi Gongoni, nimevuka hadi Tanga. Kote huko nilikikumbuka kijiji cha Adu nilikokulia, na ile harufu ya unga wa moto ukitoka mashineni. Nikarudi Malindi nikasema, nami nitafungua mashine yangu.

Nikafanya kama tulivyolelewa. Nikawaita majirani, tukasoma dua, tukala pilau, kila mmoja akaniambia, "Bismillahi, jenga." Nawaambia kweli, kwangu mimi hicho ndicho kilichokuwa kibali! Mashine ikaunguruma tangu alfajiri. Siku si nyingi, watu wa kaunti wakaja wakanichorea X nyekundu ukutani.

"Kiwanja hiki ni cha makazi. Funga, la sivyo tutabomoa."

Jamani, nilizima mashine, nikalia. Nikaanza kufungasha nguo niondoke tena. Mmoja wenu, yumo humu ndani, akanikuta. "Wewe unakwenda. Na mashine utaibeba kichwani?"

Akanipeleka kwa afisa wa mipango. Kumbe mtu anaweza kuomba kiwanja kibadilishwe matumizi! Ila kwanza nibandike tangazo, mwenye pingamizi ajitokeze.

Akajitokeza. Bibi wa ukuta kwa ukuta, niliyekula naye pilau! Nikamwendea.

"Shikamoo, Bibi. Si ulisema nijenge?"

"Marahaba. Nilisema ujenge, sikusema uniamshe! Kuku hajaamka, kitanda kinacheza ngoma, meno yangu ya bandia yanagonga glasi."

Nilicheka huku naona haya. "Je, nikiihamishia upande wa barabara, nisiiwashe mpaka jua litoke?"

"Hapo tutaelewana. Na unga wangu usage laini."

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yalipogeuka! Nilihamisha mashine, na bibi akaandamana nami mpaka ofisini, akaondoa pingamizi kwa mdomo wake mwenyewe. "Huyu kijana tumeelewana," akamwambia afisa. Kijana, na mvi hizi! Wakaja kukagua, wakaridhika.

Ahsante, Bibi. Ahsante, wewe uliyenikuta nafungasha. Wenzangu, dua ya majirani msiiache kamwe, lakini ofisi ya mipango nayo iulizeni kabla ya tofali la kwanza. Na jirani akikupinga, usimkimbie, msikilize.

Kesho nafungua tena. Jua likishatoka, leteni mahindi!